Uso wa mafuta: kabla hujatafuta sabuni kali zaidi

Msomaji wetu wa Wete ametuletea suali. Anaosha uso kwa sabuni mara sita kwa siku, na bado ikifika saa nne asubuhi kipaji kinang'aa na ukingo wa mtandio umeshika alama. Anataka tumtajie sabuni yenye nguvu kuliko anayotumia. Jawabu tunalitoa hapa hapa mwanzo: dada yetu, sabuni kali zaidi itakuharibia uso.

Mafuta hayo hayatoki nje. Yanatengenezwa na tezi ndogo zilizo ndani ya ngozi, nazo zimesongamana zaidi kwenye kipaji, pua na kidevu. Zinazoziamrisha ni homoni, ndiyo maana uso huanza kung'aa mtu akibaleghe, na wanawake wengi huona mafuta yakizidi siku chache kabla ya hedhi. Urithi nao umo. Sabuni husomba yale yaliyokwishatoka tu. Haifiki kwenye tezi, na baada ya saa chache mafuta yamerudi pale pale. Kinachobadilika ni ngozi. Uso ulio sawa una uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, ambacho kikipanda uchachu unapungua) inayokaribia 5, na sabuni ya kipande, hata ile nzuri ya mwani ya akina mama wa Paje, hufika 9 au 10. Ukiupiga uso kwa sabuni mara sita, utando wa juu unaoikinga ngozi unakatika. Basi unapata mafuta juu na ukavu chini yake: uso unavuta, unawasha, unawaka ukipaka chochote, na kila chunusi inaacha doa.

Sabuni inatosha mara mbili: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Ukitoka jasho jingi, ongeza mara moja. Na hapa Muislamu ana faida asiyoihisabu. Anayetawadha kwa sala tano anapitisha maji safi usoni mara nyingi kwa siku, na maji matupu yanaondoa jasho, vumbi na sehemu ya mafuta bila kuichubua ngozi. Usitie sabuni kwenye udhu. Baada ya kutawadha kausha kwa kugandamiza kitambaa kidogo cha pamba kilichofuliwa, usisugue. Ncha ya kanga uliyoshinda nayo jikoni haifai kazi hiyo, ina mafuta ya kupikia na moshi.

Jambo ambalo watu hawalitazami ni maji yenyewe. Sehemu kubwa ya visiwa hivi vya Zanzibar imekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima vingi ni mazito kwa chokaa, pengine na chumvi pia karibu na pwani. Utayajua kwa dalili mbili: sabuni haitoi povu la maana, na birika la chai limeganda ukoko mweupe ndani. Maji hayo yakikutana na sabuni ya kipande yanatengeneza utando unaonata, ule ule unaoonekana kama mstari mweupe kwenye karai. Utando huo unabaki usoni. Mtu akijigusa anadhani ni mafuta hayajatoka, anarudi kupaka sabuni, na utando unazidi. Wengi wanaolalamika kwamba uso hautakati kisa chao ni hiki. Tiba yake haina gharama kubwa. Tumia kisafisha uso cha maji maji au cha jeli kisicho sabuni ya magadi, kwani hicho hakigandi na chokaa. Ukishindwa kukipata, chemsha maji, yaache yatulie mpaka ukoko ushuke chini, mimina ya juu kwenye kopo moja na uyatumie kwa suuza ya mwisho. Wakati wa masika, kinga maji ya mvua.

Kuosha kwenyewe kuna namna yake. Mikono kwanza. Rowesha uso kwa maji ya kawaida, si ya moto. Chukua kisafisha uso kiasi cha punje kubwa ya kunde, kisambaze kwa ncha za vidole kwa muda wa dakika moja, ukikaa zaidi pembeni mwa pua na kwenye kidevu, kisha suuza mpaka chini ya taya na kwenye mstari wa nywele. Hapo kwenye mstari wa nywele ndipo povu husahauliwa, na ndipo vipele hutoka. Dodoki, brashi na kile kitambaa cha kusugulia mwili viache bafuni.

Ukitaka dawa ya dukani, soma lebo utafute asidi ya salisiliki, kati ya asilimia 0.5 na 2. Faida yake ni kwamba inayeyuka kwenye mafuta, kwa hivyo inaingia ndani ya kitundu cha ngozi na kulegeza kile kilichoziba, ikiwamo vile vichwa vyeusi vya puani. Anza siku tatu kwa wiki. Niasinamidi ya asilimia 2 hadi 5 hupunguza mng'ao kiasi na husaidia madoa, nayo ni pole. Kwa chunusi nyekundu zenye usaha kuna benzoili peroksaidi, na asilimia 2.5 inatosha. Ile ya 10 huunguza zaidi bila faida ya kuonekana. Lakini tahadhari: inachujua rangi ya nguo. Buibui jeusi litatoka mabaka ya kahawia na foronya itaharibika. Ipake usiku, iache ikauke kabisa, tumia foronya nyeupe, na asubuhi ioshe kabla ya kuvaa mtandio.

Kwa chunusi zinazorudi rudi, dukani pia utaambiwa adapalini ya asilimia 0.1, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A. Punje moja ya mbaazi ni ya uso mzima, si ya kila chunusi. Usiku mbili kwa wiki mwanzoni, juu ya ngozi kavu, usikaribie macho wala pembe za mdomo. Wiki za mwanzo uso unaweza kuchafuka zaidi, na hapo ndipo watu huitupa. Matokeo ya haki huonekana baina ya wiki 8 na 12. Mja mzito au anayetafuta mimba asiiguse.

Usianze vyote kwa pamoja. Kimoja, wiki mbili au tatu, ndipo chengine. Uso ukiwasha utajua umlaumu nani.

Na ndiyo, uso wa mafuta unahitaji unyevu. Mafuta na maji ni vitu viwili mbalimbali. Chagua jeli nyepesi isiyo na mafuta, hasa usiku. Mchana paka krimu ya kuzuia jua, SPF (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) 30 au zaidi, ya jeli au ya maji maji, kiasi cha vidole viwili, kila kimoja mstari mmoja wa urefu wake, kwa uso na shingo. Tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na jua la kaskazi hupiga wima. Ukitawadha kwa adhuhuri itatoka, basi paka tena baada ya sala, hata wakati wake wa kurudiwa unakuwa umefika. Mng'ao wa katikati ya siku unaondolewa kwa karatasi laini: gandamiza kipajini na puani, uhisabu hadi tano, uinue. Poda juu ya mafuta ambayo hayajakaushwa inageuka tope na kuziba vitundu.

Sasa ya nyumbani. Liwa tunaiheshimu. Ikisagwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi, inanyonya mafuta na kutuliza ngozi. Ipake nyembamba, dakika 10 hadi 15, uioshe kabla haijapasuka, mara moja au mbili kwa wiki. Haizuii tezi kutoa mafuta, na haitibu chunusi. Ile ya unga ya kununua ijaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku mbili, maana nyengine imetiwa manukato. Singo ni ya mwili, chembe zake zinauchuna uso. Mafuta ya nazi weka kwenye nywele, na hata huko yasifike kwenye mstari wa kipaji, kwa sababu chini ya ushungi joto huyateremsha na vipele hupanga safu. Ndimu usiipake kabisa: uchachu wake unaunguza, na ukitoka juani na maji yake usoni ngozi inaweza kuungua na kuacha weusi wa miezi. Mafuta ya karafuu au ya makonyo, mabichi, juu ya chunusi, yanachoma vile vile.

Chakula? Mafuta ya bajia hayapandi moja kwa moja usoni. Soda, haluwa na mkate mweupe kila siku vina hatia zaidi, kwani sukari inayoingia haraka huchochea homoni zinazohusika na chunusi.

Tunalolisema kwa uchungu ni la mkorogo. Ile krimu isiyo na lebo inayouzwa kwenye kikopo kidogo huutakasa uso ndani ya wiki, na mtu huapa kwamba amepata dawa. Mara nyingi ndani yake mna klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi kali, pamoja na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki. Steroidi huzima wekundu, huku ikiikondesha ngozi. Ukiiacha, chunusi hurudi kwa wingi usiowahi kuuona. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiofutika, na zebaki huharibu figo. Binti za watu wanaharibiwa nyuso na wauzaji wanaojua wanachokiuza. Aliyekwisha kuitumia kwa miezi asiiache ghafla bila ya kuonana na daktari, maana kuna namna ya kuipunguza.

Nenda hospitali pia kama vipele ni vikubwa, vinauma na vinaacha mashimo, au kama mafuta yamekuja pamoja na hedhi kuruka miezi na nywele kuota kidevuni, kwani hapo homoni zinahitaji kupimwa. Siku ya kwenda usipake kitu usoni, na chukua kila kopo unalotumia, pamoja na lile lisilo na jina ulilopewa na shoga yako.