Kupiga Picha za Jarida: Fikiria Ukurasa Kabla ya Kamera

Anayeanza kazi hii huuliza anunue kamera gani. Mhariri wa picha huuliza jambo jingine: picha hii itakaa wapi kwenye ukurasa?

Piga hesabu. Ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297, na mchapaji huhitaji ziada ya milimita 3 kila upande, itakayokatwa. Kwa pikseli 300 kila inchi, picha ya kujaza ukurasa inataka pikseli kama 2,550 kwa 3,580. Ya kurasa mbili zinazotazamana inataka 5,030 kwa 3,580. Kamera ya megapikseli 24 hutoa 6,000 kwa 4,000, kwa hiyo inatosha kabisa; fedha iliyobaki nunulia lenzi. Inapokwama ni pale picha iliyopigwa wima inapotakiwa kutandazwa kurasa mbili, maana upana wake ni 4,000 tu. Kila tukio muhimu lipige mlalo na wima.

Picha ya jalada iwe wima, na juu ya kichwa uache nafasi tulivu, kama robo ya fremu, kwa ajili ya jina la jarida. Ubavu mmoja nao usiwe na vurugu, vichwa vya habari visomeke. Ukijaza uso fremu nzima, picha itapendeza kwenye skrini lakini msanifu hatakuwa na pa kuandika. Kwenye kurasa mbili, usiweke uso wa mtu katikati, mkunjo utaumeza.

Mtihani mkubwa ni mwanga. Chukua mzee wa Lamu, kanzu nyeupe, saa sita mchana. Kamera ikipima fremu nzima hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unakuwa giza. Mwombe aketi barazani, kivulini, akiuelekea ukuta wa chokaa wa ng'ambo ya kichochoro: ukuta ule hurudisha mwanga laini usoni. Pima mwanga shavuni, lenga jicho lililo karibu nawe, uwazi wa lenzi f/4, kasi ya shata 1/250 ya sekunde, kisha hakikisha mikunjo ya kanzu bado inaonekana. Uso mweusi ukijaza fremu, kosa hugeuka: kamera huongeza mwanga na ngozi hupauka. Punguza theluthi mbili ya stopu, hata stopu nzima (stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu). Ngozi zetu zinastahili kuchapishwa kwa rangi yake halisi, na hilo huamuliwa hapo hapo, kabla ya kompyuta.

Beba bodi mbili za kamera, moja na lenzi ya milimita 24-70, nyingine na ya 70-200 kwa vitu vya mbali. Kubadili lenzi njiani huingiza vumbi kwenye sensa, kipokea mwanga cha kamera. Saa za bodi zote ziwe sawa, la sivyo mtiririko wa picha utavurugika ukizipanga. Piga RAW, yaani faili ghafi za kamera, ziandikwe kwenye kadi mbili kwa pamoja, wala usifute chochote ukiwa kazini.

Kubadili rangi kuwa za wino mwachie mchapaji. Rangi kali ya machungwa na kijani cha khanga hufifia kwenye karatasi, na yeye ndiye anayeijua mashine yake. Maelezo yaandike ndani ya faili lenyewe: jina kamili kwa tahajia ya mwenyewe, mahali, tarehe, anachofanya, wakiwa wengi, kutoka kushoto kwenda kulia. Tuma kwa kiungo cha kupakulia. WhatsApp, ukituma kama picha ya kawaida, huibana na kuyafuta maelezo hayo.