Uzi wenye mafundo haupandishi tarishi

Tangu nieleze namna ya kumtengeneza tarishi, yaani kile kifaa kidogo chenye tanga kinachopanda kwenye uzi wa tiara, kikagonga kizuizi huko juu, kikaachia parachuti na kuteremka chenyewe, maswali hayajakatika. Upepo wa kusi umeshakaa sawa na watoto wako fukweni kila alasiri, kwa hiyo nayajibu haya sasa, kabla msimu haujatupita.

Fundi, tarishi wangu anapanda hadi katikati ya uzi, halafu anasimama. Nikitikisa uzi anatetemeka tu, haendi mbele. Tatizo ni nini? (Kijana wa Jang'ombe)

Hukuniambia uzi gani, na uzi ndio jibu. Shusha tiara, kisha pitisha uzi wote baina ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, toka mkononi hadi kwenye tiara. Pale tarishi aliposimama utakuta fundo. Nayajua mafundo hayo: uzi wa mwaka jana umeungwa na uzi wa kaka, nao ukaungwa na kipande kilichookotwa njiani. Tiara yenyewe haijali, inaruka tu. Tarishi anajali, kwa sababu anapita juu ya uzi kama gofia, kile kigurudumu cha chomboni, inavyopitisha kamba, na fundo la ukubwa wa punje ya mtama linamtosha kumzuia.

Kama huna budi kuunga, unga juu ya kizuizi, karibu na tiara. Huko tarishi hafiki, na fundo halimdhuru mtu.

Sasa niseme lile ninalolisema kila siku. Acheni mshipi wa kuvulia! Najua unapatikana kila duka na ni rahisi. Lakini mshipi unavutika kama mpira: upepo ukizidi kidogo unarefuka, ukipungua unarudi, na tarishi anarushwarushwa hadi kifyatuo, ule waya unaoshika parachuti, kinaachia kabla ya wakati. Ukikimbia mkononi unakata kama wembe. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, limeanzia kwenye kiungo cha kwanza hadi kucha, nililolipata Jambiani siku upepo ulipopiga ghafla nami nimeshika mshipi mkono mtupu. Na ukikatika unabaki juu ya mnazi au kwenye mikoko miaka mingi, ndege wanajifunga miguu humo. Tafuta uzi wa kusokotwa, wa pamba au wa poliesta, roda moja nzima bila kiungo, na uvae hata kitambaa mkononi.

Nitampata wapi tarishi wa kununua?

Nimeulizwa hili zaidi ya maswali mengine yote. Mtengeneze. Mwavuli mmoja uliovunjika mbavu, kipande cha kandambili na jioni moja vinatosha.

Sijaelewa kifyatuo. Ni kitu gani hasa kinachofungua tanga na parachuti kwa pamoja? (Mwanafunzi wa ufundi, Chake Chake)

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakwenda hatua kwa hatua.

Kata ubavu wa mwavuli, sentimita 30. Huo ndio uti. Kwenye kila ncha sokota kikuku cha mzunguko mmoja na nusu, ili uweze kuuingiza uzi wa tiara kwa kuuzungusha bila kuukata. Juu ya uti funga foromali mbili, yaani vijiti vya kushikia tanga, za chelewa na utie tanga baina yake. Tanga ni kitambaa cha huohuo mwavuli. Langu lina sentimita 45 kwa 40. Foromali ya juu imekazwa. Ya chini iko huru, imeshikwa na demani moja tu, yaani uzi wa kukazia tanga, inayokuja hadi kwenye kifyatuo. Demani ikiwa imekaza, tanga linasimama na kuukabili upepo. Demani ikiachiwa, tanga linapepea kama bendera, upepo unapita, na uzito wa tarishi unamrudisha chini.

Kifyatuo chenyewe ni waya uliokunjwa kama kibanio cha nywele, miguu yote miwili ikielekea mbele, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mrefu unatangulia mbele ya uti kiasi cha sentimita 5, ili upokee pigo la kizuizi. Mfupi umeingia kwenye kikuku chake kidogo na kutokeza kidogo tu. Kwenye huo mguu mfupi, nyuma ya kikuku, ndipo unapotundika kitanzi cha parachuti na kitanzi cha demani. Tarishi akigonga, waya unasukumwa nyuma sentimita 2, mguu mfupi unachomoka kwenye kikuku, na vitanzi vyote viwili vinapukutika. Kitanzi cha parachuti kiwe karibu na ncha, ili kitoke kwanza.

Parachuti litundikwe kwa utosi wake, kitambaa kikining'inia chini. Nimeona watu wanalikunja na kulifunga kama kitumbua ndani ya karatasi, kisha wanashangaa limeanguka kama jiwe.

Piga msasa ncha ya waya. Usitie mafuta: mchanga wa pwani utaganda humo na kifyatuo kitakwama kabisa. Kabla hujampandisha, mshike tarishi mkononi na umtikise kwa nguvu. Kitanzi kikitoka, hajawa tayari. Kisha gusa mguu mrefu kwa ncha ya kidole. Kitanzi kisipotoka, vilevile hajawa tayari.

Kizuizi ni kipande cha kandambili cha ukubwa wa sarafu, kimetobolewa katikati na kufungwa mita 3 au 4 chini ya tiara. Kikiwa karibu zaidi, tanga la tarishi litaipokonya tiara upepo na zote mbili zitayumba.

Mwanangu anataka parachuti, nami nina mifuko ya rambo ya zamani ndani. Naweza kumkatia? Ni nyepesi sana. (Mama wa Makunduchi)

Hapana, dada yangu. Najua ni nyepesi, na najua hutaki kitu kipotee bure. Lakini parachuti ni kitu kinachokwenda kinakotaka, na kisiwani petu kinakotaka ni baharini. Kasa anakula yavuyavu, na mfuko unaoelea majini unafanana nao. Kasa wetu wanataga Misali na Mnemba, na wanakula humuhumu ambamo watoto wetu wanacheza. Mifuko hiyo Zanzibar iliipiga marufuku kabla ya Bara, na Bara nayo ikaifuata Juni 1, 2019. Isirudi kwa mlango wa mchezo wa mtoto.

Mkatie kitambaa cha mwavuli, duara la sentimita 35. Shona nyuzi 8 pembeni, kila moja iwe ndefu kama upana wa duara au zaidi kidogo, uzikusanye chini kwa fundo moja. Kila uzi upime, usikadirie. Mmoja ukiwa mfupi kwa sentimita 2, parachuti litazunguka njia nzima.

Na andika jina la mtoto na la mtaa kwa kalamu ya wino kwenye kitambaa. Ya kwangu yamerudi mara nyingi kwa njia hiyo. Moja lililetwa nyumbani na kina mama waliolikuta limejifunga kwenye kamba zao za mwani. Tangu siku hiyo sirushi tena mbele ya mashamba ya mwani, kwa sababu waliniambia waliuvunja mwani wao wakilichambua.

Je, naweza kufunga kijiti cha udi kinachowaka kwenye kitanzi, kikifika mwisho kikaunguza uzi na kuachia parachuti? Naona ni rahisi kuliko kifyatuo. (Msomaji wa Nungwi)

Wazo lako si geni. Mwaka 1749, karibu na Glasgow huko Uskoti, Alexander Wilson na mwenzake Thomas Melvill walipandisha tiara kadhaa kwenye mstari mmoja ili kupima joto la hewa ya juu. Vipimajoto vilifungwa mashada ya karatasi ili visivunjike vikianguka, na vilishikwa na utambi uliokuwa ukiungua polepole. Ukifika mwisho, kipimajoto kinaachia na kushuka. Kwa hiyo, kifaa cha kuangusha vitu kutoka kwenye tiara kina umri zaidi ya miaka 270, na kilianzia kwa watu waliokuwa wakitafuta elimu.

Lakini wewe uko Nungwi, na Nungwi ina makuti kila upande. Kijiti kikidondoka kikiwa na moto juu ya paa la kiangazi, hutakuwa na muda hata wa kuita jirani. Usifanye. Wala usijaribu "mara moja tu kuona". Kifyatuo cha waya hakichomi nyumba ya mtu.

Parachuti langu linayumba kama pembea mpaka linamwaga mzigo. (Jambiani)

Toboa tundu la sentimita 3 utosini. Hewa iliyonasa inatafuta pa kutokea. Isipopata juu, inatoka pembeni, mara huku mara kule. Mfaransa André-Jacques Garnerin aliporuka kwa parachuti kutoka kwenye baluni mjini Paris mwaka 1797, lake halikuwa na tundu, na aliyumba vibaya hadi ardhini.

Sisi Wete tuna mikarafuu kila upande. Kila parachuti linaishia mtini na watoto wanapanda kulifuata. Nifanyeje? (Baba wa watoto watatu)

Kwanza wateremshe watoto. Tawi la mkarafuu linakatika bila kutoa taarifa, wewe wa Pemba unalijua hilo kuliko mimi, na mti wa watu wenye mavuno hauvunjwi kwa ajili ya kitambaa.

Pili, fanya hesabu kabla ya kurusha, maana wengi wanadhani parachuti litaanguka chini ya tiara. Chukua mfano: tarishi ameachia kwenye urefu wa mita 60, na parachuti linashuka mita 2 kwa sekunde. Litakaa hewani sekunde 30. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utalipeleka mita 150. Ongeza na mita 60 au zaidi ambazo tiara yenyewe imeshakwenda mbele yako. Jumla ni zaidi ya mita 210, karibu viwanja viwili vya mpira kutoka pale uliposimama. Je, mbele yako kuna nafasi hiyo?

Kwa hesabu hiyo, Forodhani na Maisara hazifai: kusi linapeleka baharini, na kaskazi vivyo hivyo. Fukwe za mashariki ya Unguja wakati maji yamekupwa zinafaa, ila Paje kaa mbali na wale wanaoteleza majini kwa tiara kubwa. Kamba zao na zako zisikutane. Kwenu Pemba, Vumawimbi maji yakiwa yametoka ni pazuri. Kama ni mbali, punguza urefu. Achia kwenye mita 20 tu, parachuti litakwenda theluthi ya masafa hayo, na watoto watalishangilia vilevile. Na toboa tundu kubwa zaidi utosini, lishuke kwa kasi.

Tiara gani?

Pana, yenye kuvuta kwa utulivu, upana usipungue mita moja. Tarishi wangu na mzigo wake wana gramu 70, na tiara ya karatasi ya mtoto haiwezi kuwabeba.

Nataka kuangusha pipi Sikukuu, watoto wakiwa wamekusanyika uwanjani. Itakuwa furaha kubwa. (Kijana wa Kikwajuni)

Mashaallah kwa nia. Lakini fikiria parachuti linashuka, macho ya watoto mia yako juu, na hakuna hata mmoja anayetazama anapokanyaga wala gari linalokuja. Uwanja uliojaa watu si mahali pake kabisa. Fanya siku ya pili au ya tatu ya Sikukuu, ufukweni, watoto wa mtaa wenu tu, na watu wazima wawili wasimame upande parachuti linakoelekea. Mzigo usizidi pipi mbili tatu. Betri, jiwe, gari la bati, hapana. Kitanzi kikikatika, kinachoanguka kinaangukia kichwa cha mtu.

Tiara yangu imenasa kwenye nyaya za umeme. Nitumie mti mrefu mkavu?

Hapana. Usitumie mti, usivute uzi, usimruhusu mtu mwingine avute. Pigia simu Shirika la Umeme na uwazuie watoto hadi mafundi wafike. Na kwa wale wanaotumia waya wa shaba wa mota badala ya uzi, naomba mkaukate leo hii.

Tarishi anaachia parachuti vizuri, lakini harudi. Anabaki huko juu na tanga limelala. (Fundi cherehani, Mkoani)

Uzi wako umelala mno. Tarishi anarudi kwa uzito wake peke yake, naye anataka mteremko; uzi ukiwa karibu digrii 45 anateleza bila shida, ukiwa chini ya hapo anabembea tu. Fupisha mkia wa tiara kidogo au sogeza mbele hatamu, yaani zile nyuzi za kifuani mwa tiara unapofunga uzi mkuu, ipande juu. Usizidishe, maana uzi ukisimama sana hatapanda tena. Kwa leo, ili umpate, mwenzako aweke kitambaa kinene juu ya uzi, aushike chini ya kwapa, na atembee kuelekea kwenye tiara huku wewe umesimama palepale. Tiara itashuka pamoja na tarishi wako, na uzi hautatatizana mchangani.