Gozi lilibaki tumboni: nani atoe ushahidi?

SWALI: Mke wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya wilaya. Miezi 7 baadaye alipasuliwa kwingine, akatolewa gozi (kitambaa cha kufyonzea damu wakati wa upasuaji) tumboni. Tumeshaliandikia Baraza la Madaktari. Je, yatosha? Na mahakamani tutathibitishaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poleni sana, wewe na mkeo. Baraza la Madaktari Tanganyika laweza kumwadhibu daktari, hata kumfuta kwenye rejesta, lakini fidia hutolewa na mahakama, na madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Hospitali ni ya halmashauri, kwa hiyo anzeni na notisi ya siku 90 (taarifa kwamba mnakusudia kushtaki) kwa halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku hizo zikiisha, fungueni shauri Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa. Mkifungua siku ya 80, shauri litaondolewa hata kama madai ni ya kweli, na miaka 3 haiwasubiri.

Shahidi wenu mkubwa ni daktari wa upasuaji wa pili. Yeye ndiye aliyeona gozi lilipokuwa, lilishikamana na nini, usaha ulikuwa kiasi gani na alilazimika kukata nini. Ombeni ripoti yake mapema, pamoja na majibu ya maabara ya kilichotolewa. Mtahitaji pia bingwa wa uzazi asiyehusika, aieleze mahakama daktari makini hufanyaje: gozi huhesabiwa kabla ya upasuaji na tena kabla ya kufunga tumbo, na hesabu huandikwa. Ndiyo maana nakala ya faili lote la kujifungua iombwe kwa barua sasa hivi. Fomu ya upasuaji ikiwa tupu penye hesabu, itawasaidia. Ikiandikwa kwamba hesabu ilitimia, mwandishi wake atalazimika kueleza gozi lilitoka wapi. Wengi hushindwa hapa kwa kufika na picha za simu bila faili.

Mkeo atadodoswa, yaani kuhojiwa na wakili wa upande wa pili: alipasuliwa tena kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili? Maumivu yalipoanza alirudi kliniki? Ajibu anachokijua tu. Mambo ya kitabibu awaachie madaktari. "Sijui" ni jibu halali. Wakili wenu naye asimwachie shahidi wa hospitali bila kumdodosa kuhusu hesabu, kwani lisilohojiwa huchukuliwa kuwa limekubaliwa.

Gharama za matibabu na nauli zitajwe moja moja katika hati ya madai, kila moja na risiti yake. Fidia ya maumivu hukadiriwa na jaji.