Mtafuteni kwanza atakayejitoa

Agosti 2015 nilikuwa katibu wa kamati ya pamoja ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani vilivyokubaliana kuachiana majimbo na kata, kwenye jimbo moja la Tanzania Bara. Jimbo silitaji, wala chama changu, maana katika niliyoyaona pale kila chama kilikuwa na fungu lake la lawama. Cheo kilikuwa kirefu kuliko ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa daftari moja kubwa, kalamu mbili na simu ambayo vocha nilijinunulia. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amemwachia nani kata ipi.

Usiku mmoja, zikiwa zimebaki siku chache fomu zirudishwe, aligonga mlango mtu ambaye jina lake nilishalikata. Alikuwa mtia nia wa udiwani kutoka chama rafiki. Kwa miaka mitatu alikuwa akizika na watu, akichanga kwenye harusi zao, akiwakimbiza wajawazito hospitali usiku wa manane kwa pikipiki yake. Nikamkaribisha chai, akakataa.

"Kaka katibu," akasema, "kata yangu mmeigawa, nami nimeyasikia kijiweni."

Tulikuwa tumekaa vikao vitano juu ya kata ile. Hakuna hata kimoja alichoitwa. Sisi tulidhani viongozi wa chama chake wameshamwambia. Viongozi wake walidhani tumemwambia sisi. Kesho yake akarudisha fomu. Wa kwetu naye akarudisha. Oktoba 25 CCM wakaichukua kata ile kwa kura ambazo hao wawili, ukiwajumlisha, wanazipita kwa mbali.

Tangu hapo, kila uchaguzi ukikaribia, vijana wa vyama hunijia na swali lile lile: tumpate vipi mgombea mmoja? Nami huwauliza: atakayejitoa ni nani, na nani ameshakwenda kukaa naye? Wengi hunyamaza. Wana majina matatu ya wanaofaa kusimama, hawana hata moja la aliyekubali kukaa pembeni.

Kinachowapotosha ni hesabu ya kujumlisha. Kila anayehubiri muungano Afrika Mashariki huanza na Kenya ya 1992: Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Matiba na Odinga walikuwa wametoka kwenye chama kimoja, FORD. Miaka kumi baadaye wapinzani wakajikusanya ndani ya NARC, Kibaki akapita kwa asilimia 62. Ni hadithi tamu na ni ya kweli. Lakini kwetu hesabu haikuwahi kukaa hivyo. Mwaka 1995 Mkapa alipata karibu asilimia 62, na 2010 Kikwete karibu 63. Ungewafunga wapinzani wote kwenye mzigo mmoja wasingemfikia. Kwa hiyo ukimsikia mtu jukwaani anasema "tukiungana tu tumeshinda", jua hajaangalia matokeo.

Faida ya muungano kwetu iko chini, majimboni na kwenye kata, ambako mshindi ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake hata asipofika nusu. Huko ndiko kuachiana kunaleta kiti mkononi. Angalia Dar es Salaam ya 2015: Kawe, Ubungo, Kibamba na Ukonga zilikwenda CHADEMA, Kinondoni na Temeke zikaenda CUF. Halafu angalia Segerea, ambako CUF na CHADEMA wote walisimamisha mgombea. Ikaenda CCM. Mji ule ule, mwaka ule ule, umoja ule ule.

Sasa kwa nini mtu asijitoe, kama hesabu ya jimbo iko wazi hivyo? Hapa vijana husema "uroho wa madaraka" na kufunga mjadala. Mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka siku mama mmoja wa chama rafiki aliponyosha mkono kikaoni. Alikuwa amekaa kimya saa mbili, anasuka ukili. Akauliza: "Tukiwaachia jimbo hili, mimi viti maalum nitavipata kwa kura za nani?"

Hakuna mwanaume aliyekuwa amelifikiria hilo. Viti maalum, yaani viti vya wanawake bungeni, hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, na chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura hizo hakipati hata kimoja. Ruzuku ya serikali nayo hufuata kura na viti. Kwa hiyo chama kinapoachia jimbo hakimwachii mwenzake kiti kimoja tu. Kinamwachia na kura za jimbo zima, na katika kura hizo wamo akina mama wa viti maalum, pango la ofisi ya wilaya, mshahara wa katibu, mafuta ya gari. Chama kidogo kikiachia majimbo mengi kwa moyo mweupe, kinaweza kuamka siku ya matokeo hakina kitu, nacho ndicho kilichowasaidia wenzake kushinda. Ukilijua hili, husemi tena kwamba wenzako ni waroho. Unakaa nao mezani mnahesabu.

Na hesabu hiyo ifanyike mapema kuliko mnavyodhani. Vyama vinne vya UKAWA, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilitia saini ushirikiano wao viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, tarehe 26 Oktoba 2014, mwaka mzima kabla ya kura. Mwaka mzima! Hata hivyo Agosti 2015 ilipofika, majimbo mengine yalikuwa bado yanavutaniwa huku fomu zinarudishwa. Mwaka ule tuliutumia kushangilia saini. Kwetu jimboni kigezo kilikuwa matokeo: ya ubunge 2010 na ya serikali za mitaa Desemba 2014. Kwa maneno ni kigezo safi. Kwa vitendo, chama kilichofanya vizuri 2010 kilizungumzia 2010 peke yake, na kilichofanya vizuri 2014 kikasema ya 2010 yameshaoza. Mkichagua kigezo, chagueni kabla hamjajua kinambeba nani. Kama mmeshajua, tafuteni mtu wa nje awaamulie, mzee mnayemheshimu wote, na mkubali kabla hajafungua kinywa.

Kipimo changu cha muda ni fulana. Kabla mtu hajachapa fulana yenye sura yake unaweza kuzungumza naye. Akishachapa, ana deni, ana aibu, na ana wapwa zake waliokwisha kuivaa.

Muungano wa juu nao una mambo yake, lakini ukiutazama sana utaona ni yale yale ya kata kwa mavazi mazuri zaidi. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alitoka CCM akajiunga na CHADEMA mwishoni mwa Julai 2015, akawa mgombea urais wa UKAWA. Agosti Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, na Septemba Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, akatangaza kuachana na siasa za vyama. Kila mmoja alitoa sababu zake, na zilikuwa nzito, sizibezi. Ila wote wawili walishawahi kubeba bendera ya urais, Lipumba mara nne kuanzia 1995, Slaa mwaka 2010. Walikuwa watu wa kupisha. Lowassa alimaliza na karibu asilimia 40, ambazo hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kuzifikia kabla yake, na yaliyofuata ndani ya CUF mnayajua: Lipumba akarudi akidai kiti chake, chama kikapasuka, na Machi 2019 Maalim Seif, aliyekuwa katibu mkuu wa CUF, na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo. Wenyewe waliita "shusha tanga, pandisha tanga".

Mwenye hekima zaidi mwaka ule, kwa macho yangu, alikuwa Juma Duni Haji. Sheria ya wakati ule haikuwa na nafasi ya mgombea wa vyama viwili, kwa hiyo ili awe mgombea mwenza wa Lowassa ilibidi aache kadi ya CUF achukue ya CHADEMA. Mtu wa umri wake, na historia yake ndani ya CUF. Sheria ya Vyama vya Siasa ilipofanyiwa marekebisho 2019 ndipo vyama viliporuhusiwa rasmi kuunda muungano. Isomeni vizuri kabla hamjaanza, hasa masharti yake ya muda. Mwaka 2020 Zitto Kabwe, kiongozi wa ACT-Wazalendo, aliwaambia watu wampigie Tundu Lissu wa CHADEMA kura ya urais, lakini jina la Bernard Membe wa ACT lilibaki kwenye karatasi. Jina likishachapwa, limekaa.

Gambia walipita njia nyingine. Oktoba 2016 vyama vilifanya mkutano wa kumteua mtu mmoja, akapatikana Adama Barrow, naye akatoka kwenye chama chake akagombea kama mgombea binafsi ili pasiwe na chama kinachovimeza vingine. Akamshinda rais aliyekuwa madarakani, Yahya Jammeh. Sisi mgombea binafsi haturuhusiwi, kwa hiyo mlango huo kwetu umefungwa, lakini wazo lake tuliweza kuliazima jimboni na hatukuliazima: anayesimama naye aache kitu. Kama bendera ya chama chake ndiyo itakayokuwa kwenye karatasi ya kura, basi meneja wa kampeni atoke kwa aliyejitoa, na kwenye kata kuu mbili au tatu udiwani uwe wa aliyejitoa. Watu wakiona aliyepata naye amepungukiwa, hasira hupoa.

Pesa mkononi usimpe. Mbali na kwamba ni mlango wa kesi, kesho yake mtaa mzima utasema amenunuliwa, na wafuasi wake hawatakuja hata akija yeye.

Wafuasi ndio nusu ya pili ya jambo, na hapo Wakongo wametupa somo gumu kuliko yote. Novemba 2018 viongozi wa upinzani wa Congo walikutana Geneva wakamchagua Martin Fayulu awe mgombea wao mmoja, wakatia saini. Haikupita siku mbili, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa saini zao, maana wanachama wao nyumbani walikuwa wamewaka. Mkubwa anaweza kukubali mchana akakataliwa na watu wake jioni. Ndiyo maana nasema kikao cha kwanza kisiwe hotelini. Kiwe kwenye tawi la yule atakayejitoa, naye awepo, wanachama wake wamwage nyongo yote, muwasikilize mpaka wachoke. Kikao kile kinachosha na kinatukanisha. Mimi nimeitwa msaliti na vijana wa umri wa mwanangu. Lakini waliotukana kikaoni ndio waliokuja kufunga bendera, na waliokaa kimya ndio waliopotea siku ya kura.

Makubaliano yaandikwe, bila shaka. Yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, kata kwa kata, na nakala ibaki tawini. Wenzetu wa NARC waliingia Ikulu na hati yao, wakaja kugombana juu ya kilichoahidiwa ndani yake, na kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 walikuwa kambi mbili. Kushinda kuliwagombanisha, sisi tuligombana kabla ya kushinda. Mawakala gawaneni mapema pia. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi, na wakala mwenye njaa saa 10 jioni hahesabu kura, anahesabu dakika. Hilo halihitaji maneno mengi, linahitaji sufuria.

Wapo watakaoniambia kwamba baada ya uchaguzi wa 2020 kuzungumzia kuachiana kata ni kugawana samaki walio baharini, kwa kuwa uwanja wenyewe umeinama. Siwabishii. Ila hata kudai uwanja unyooshwe kunahitaji watu wanaoweza kukaa chumba kimoja, na sijaona chama kilichojifunza kukaa na wenzake kwenye jambo kubwa kikiwa kimeshindwa kwenye kata.

Yule mtia nia wangu nilikwenda kumwona, lakini ilinichukua zaidi ya mwaka kupata uso wa kwenda. Nilimkuta anapalilia. Safari hii chai tulikunywa. Nikamuuliza kama angejitoa laiti tungemfuata mapema, akafikiri kwanza, hakukimbilia kunifurahisha.

"Ningejitoa," akasema. "Ningetaka mambo mawili tu. Uje wewe mwenyewe uniambie. Halafu nipewe kipaza sauti niwaambie watu wangu kwa mdomo wangu kwamba nimempisha fulani, si kwamba nimepishwa."

Nikatazama huku na huku uani, nikamuuliza pikipiki iko wapi. Akacheka. Alikuwa ameiuza kulipa deni la fulana.