Kijibwa cha wiki 8, chanjo ya kichaa bado

Dada, umeuliza kama kijibwa chako cha wiki 8 adungwe sasa chanjo ya kichaa cha mbwa, bado mapema, hiyo hudungwa akifika miezi 3, inayoanza sasa ni ya pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, halafu inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16 hivi, na dawa ya minyoo pia mpe sasa. Najua sababu wangu nilimuokota nyuma ya soko la Kongowea, chotara mdogo wa kutoshea kwenye kofia, masikio yamejaa kupe nikawatoa mmoja mmoja, daktari wa mifugo akanipa kadi ya chanjo na tarehe zote. Mpaka amalize dozi usimshushe mtaani wala ufuoni penye mbwa wengine, pavo hukaa mchangani miezi na kwa mdogo kama huyo huua kwa siku chache tu. Ila akiwa anaharisha au hataki kula aonwe na daktari kwanza, asidungwe mgonjwa. Na mkiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata huyo mdogo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na muende hospitali siku hiyo hiyo, tafadhali msingoje.