Barua za Wasomaji: Bei ya Unga, Gunia la Mukorino na Vizuizi vya Ushuru

Nina duka la vyakula karibu na soko la Kibuye. Unga ukipanda, wateja wanaona ni mimi mwizi. Kwa nini serikali isitangaze pakiti ya kilo 2 ni shilingi 100 na atakayezidisha akamatwe?
*Mama wa duka, Kisumu*

Mama, sheria ya kufanya hivyo tunayo tangu 2011. Waziri anaweza kuitaja bidhaa kuwa ya lazima na kuiwekea bei ya juu kabisa. Kinachokwamisha ni hesabu ya kinu, na hesabu haiogopi askari.

Tuseme gunia la kilo 90 limefika shilingi 5,400. Kilo moja ya mahindi hapo ni shilingi 60. Mahindi yakikobolewa kwa ajili ya unga mweupe wa pakiti, kilo 100 hutoa unga karibu kilo 70, kwa hivyo pakiti moja ya kilo 2 inakula mahindi kama kilo 2.9, yaani shilingi 170 na ushei. Pumba zinazobaki huuzwa kwa wafugaji. Tuseme zimerudisha shilingi 20. Mwenye kinu bado ana shilingi 150 shingoni, na hajalipa stima, vibarua, karatasi ya pakiti, lori la kutoka Kitale, wala hajakuachia wewe chako cha dukani. Mlazimishe auze kwa 100 uone. Atapunguza kusaga, au mahindi atayageuza chakula cha kuku ambacho bei yake haikuguswa, au pakiti zitatoka kwa mlango wa nyuma zikienda kwa anayejuana na mwenye stoo. Mteja wako wa Manyatta hatapata unga wa 100. Atapata rafu tupu.

Mwezi wa Julai 2022 jambo hili lilijaribiwa kwa njia ya upole zaidi: bei ilishushwa kutoka zaidi ya 200 hadi 100, na serikali ikaahidi kuwalipa wasagaji tofauti. Hata hivyo, maduka mengi yalikaa bila unga huo, na baada ya majuma machache mpango ukaisha. Riba za benki nazo zilifungwa Septemba 2016, zisizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mikopo haikuwa rahisi kwa mtu mdogo. Benki ziliona afadhali ziikopeshe serikali kuliko kumkopesha fundi au mwenye kibanda ambaye hatari yake hailipiki kwa riba hiyo. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019.

Bei inapopanda, inamwita mtu. Mkulima wa Trans Nzoia aliyefungia magunia anafungua ghala, na mfanyabiashara wa Busia anaona inafaa kuvusha mahindi ya Uganda. Ukiizima bei, umeuzima mwito huo. Serikali ikitaka kumsaidia asiyeweza kununua, na inafaa isaidiwe familia kama hiyo, impe fedha mkononi, kama zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, kwa mzee wa miaka 70, halafu imwache achague mwenyewe atanunua wapi. Na iondoe vibali na kodi zinazochelewesha mahindi mpakani.

Kwako wewe dukani: weka mahindi kavu ya gorogoro, yaani ya kupima kwa kopo, kando ya unga wa pakiti. Poshomili inasaga na pumba zake, hivyo mteja hapotezi ile asilimia 30. Nunua baada ya mavuno, Novemba hadi Januari, unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kifaa cha kupimia, tia mahindi kwenye chupa kavu hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, yarudishe juani. Mahindi yasiyokauka ndiyo yanayoleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na hasara hiyo hakuna wa kukulipa.

Mnunuzi wangu anataka viazi kwenye mukorino, mimi nimekubali, pesa analipa papo hapo. Askari wanatuzuia eti gunia lisizidi kilo 50. Watu wazima wawili wakikubaliana, serikali inatafuta nini hapo?
*Mkulima, Elburgon*

Swali zuri, na sehemu kubwa tuko upande wako. Mapatano ya hiari yana heshima yake, na hatupendi kuona mkulima akisimamishwa na lori lake kama aliyeiba.

Lakini angalia umekubali nini hasa. Gunia linajazwa, kisha juu ya mdomo linashonewa wavu na viazi vinapandishwa kama kilemba cha Mukorino, muumini wa kanisa la Akorino. Ndiyo maana ya jina lenyewe. Hakuna kipimo. Mukorino mmoja unaweza kubeba kilo 110, mwingine 150, na bei mliyopatana ni ya "gunia". Tuseme amekupa shilingi 2,600. Kwa kilo 110 umelipwa karibu 24 kwa kilo. Kwa kilo 150 umelipwa 17. Yeye anajua kilo atakazouza Nairobi. Wewe hujui ulizotoa. Mapatano ambayo upande mmoja umefichwa kiasi yana hiari nusu. Kazi ya sheria hapo ni kuhakikisha mizani ni ya kweli, kama inavyofanya kwa pampu ya petroli.

Kanuni za viazi za 2019 zilikwenda hatua zaidi: kifurushi kisizidi kilo 50. Tunaelewa sababu, hasa mgongo wa kijana anayepandisha gunia kwenye lori. Ila ukubwa wa gunia haujawahi kumpa mkulima bei. Mnunuzi anayebanwa kwa kilo 50 atapunguza tu bei ya kila mfuko, kwa sababu anajua viazi vyako vimeshachimbwa, mvua inakuja na yeye ndiye lori pekee lililofika shambani. Ukikataa peke yako, anakwenda kwa jirani. Nguvu yake iko hapo, na askari wa barabarani hawezi kuiondoa.

Unaweza kuipunguza wewe na majirani. Nunueni mizani moja ya kuning'iniza ya kilo 100 na juu, ipelekwe kwa ofisa wa vipimo igongwe muhuri. Patana bei kwa kilo, si kwa gunia, na upime kila mfuko mbele ya mnunuzi, ukiandika. Kata majani ya viazi majuma mawili kabla ya kuchimba ili ngozi ikomae; kiazi chenye ngozi laini kinachubuka na kuoza, na anayeuza kinachooza hana muda wa kubishana bei. Stoo iwe na giza na ipitishe hewa, viazi vikae juu ya mbao, rundo lisipande sana. Mwanga unavifanya kijani na vichungu, na hivyo si vya kuliwa. Ukiweza kusubiri majuma matatu bila hasara, maongezi yanabadilika kabisa.

Napeleka ndizi na vitunguu kutoka Bungoma hadi Kisumu. Nalipia ushuru nikitoka, nasimamishwa tena njiani kaunti nyingine, na mara nyingine risiti hakuna. Nifanye nini?
*Mwenye pikapu, Bungoma*

Usilipe bila risiti. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria iliyopitishwa. Kifungu cha 209(5) kinaongeza kwamba kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafiri wa bidhaa nchini. Kizuizi cha kamba na mtu mwenye kitabu hakitoshi kuwa sheria.

Kizuizini, uliza kwa adabu: ni Sheria ya Fedha ya mwaka gani, na kiwango kiko kwenye jedwali lipi? Andika saa, mahali na namba ya kitambulisho cha kazi. Ukifika nyumbani, iandikie kaunti ukiomba nakala ya viwango kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 kujibu. Wakinyamaza, peleka barua hiyo hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala. Haitozi ada. Bidhaa zako zikizuiliwa, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo.

Msiende mmoja mmoja. Risiti 30 za wenye pikapu wa njia moja, zikipangwa kwa tarehe, ni ushahidi ambao wakili anaweza kusimama nao. Na kumbukeni kwamba hadi soko la mahindi lilipofunguliwa mwisho wa 1993, kuhamisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali cha bodi ya nafaka ya serikali, na vizuizi vilijaa njia zinazoshuka kutoka Kitale. Wenye njaa waliokuwa ng'ambo ya kizuizi ndio walioulipia mfumo huo kwa bei ya juu. Hatutaki kurudi huko kwa mlango wa ushuru.

Kama mnatetea uhuru, mbona hamsemi kitu kuhusu uvuvi wa omena (dagaa wa Ziwa Victoria) kufungwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31?
*Mchuuzi, Dunga*

Kwa sababu ziwa halina mwenyewe mmoja. Ukiniuzia viazi vyako, wahusika ni mimi na wewe. Ukivua omena wanapozaana, umechukua pia vya mvuvi wa Usenge ambaye hakukubali chochote. Hapo tunaona marufuku ina haki yake, mradi iwabane wote sawa, na si wenye mitumbwi midogo tu huku wengine wakipita usiku. Hudhuria mkutano wa wanachama wa kamati ya ufuo wako, uliza doria zilifanyika lini, nani alikamatwa na ada za ufuo zilitumikaje. Una haki ya kuona hesabu hizo.

Kwa biashara yako, nunua Februari na Machi na ukaushe juu ya chanja ya wavu iliyoinuliwa usawa wa kiuno, si mchangani, ukigeuza mara mbili tatu kwa siku. Omena mwenye mchanga anashusha bei ya gorogoro nzima, na asiyekauka vizuri anashika ukungu kabla ya Mei.