Uliza Tukujibu: Sifa ya Toyota imetoka wapi, na inaishia wapi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Toyota: nyingine ni ubishi wa kijiweni, nyingine ni kilio cha mfukoni. Ndefu tumezifupisha.

Mwenzangu anasema Toyota ilianza kwa kutengeneza cherehani. Mimi nasema ilianza na malori. Nani mkweli? (Msomaji, Dodoma)

Wewe umekaribia zaidi, ingawa mwenzako naye hakubuni. Si cherehani, ni mitambo ya kufuma vitambaa. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa 1867, alimaliza umri wake akiiunda na kuiboresha. Mtambo uliompa jina kubwa kuliko yote, Type G wa mwaka 1924, ulikuwa na jambo ambalo fundi yeyote atalipenda: uzi mmoja ukikatika, mtambo unasimama wenyewe. Kwa mitambo isiyo na uwezo huo, mfanyakazi lazima akodoe macho muda wote, la sivyo atakuta kitambaa kibovu kimeshafumwa. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza iliingia mkataba wa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuutengeneza.

Aliyeingia kwenye magari ni mwanawe, mhandisi Kiichiro. Idara ya magari ilifunguliwa 1933 ndani ya kiwanda hicho hicho cha mitambo, mjini Kariya. Gari la majaribio A1 na lori G1 ni vya 1935, gari dogo AA likafuata 1936, na Toyota Motor ikawa kampuni inayojitegemea tarehe 28 Agosti 1937. Kilichotangulia sokoni ni lori, kwa hiyo ubishi umeshinda. Ila usitambe sana: G1 za mwanzo zilikuwa zikikwama njiani hovyo, na mafundi wa kampuni wakizifuata huko huko zilikokwama.

Ule mtambo unaosimama uzi ukikatika haukuachwa nyuma. Taiichi Ohno, aliyetoka kiwanda cha nguo cha familia hiyo akahamia kwenye magari, aliipeleka kanuni yake kwenye laini ya kuunganisha magari. Mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, taa inawaka, kiongozi wake anakuja. Kasoro isipoondolewa mapema, laini inasimama. Kanuni ya pili ni kutolundika spea stoo: kila kituo kinaletewa kile kinachohitaji, kwa idadi yake na kwa wakati wake. Wengi huisifu hii kama falsafa, lakini ilisukumwa pia na ukata. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wafanyakazi walipunguzwa, mgomo ukazuka, na Kiichiro akajiuzulu. Vita vya Korea vilianza Juni mwaka huo huo, na malori yaliyoagizwa na jeshi la Marekani ndiyo yaliyoinyanyua kampuni. Kiichiro alifariki 1952, hakuliona lolote kati ya magari tunayoyajua leo.

Ni kweli Wamarekani waliwahi kuikataa Toyota? (Msomaji, Nakuru)

Kweli kabisa, na walikuwa na haki. Gari lililopelekwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa Crown, lenye injini ya lita 1.5 na nguvu za farasi zisizozidi 60 hivi. Liliundwa kuvumilia barabara mbovu za Japani za wakati ule kwa mwendo mdogo. Kwenye barabara kuu za California lilichemsha, likatetemeka, likashindwa kupanda mwendo, na kufikia mwishoni mwa 1960 mauzo yake yakasitishwa. Kilichoibakiza Toyota sokoni kule ni Land Cruiser, jamaa wa lile gari BJ la 1951 lililopanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Mwaka 1965 walirudi na Corona yenye injini ya lita 1.9, iliyopimwa kwa barabara za wanunuzi badala ya barabara za nyumbani. Corolla ilizaliwa mwaka uliofuata, na kufikia 2021 zilikuwa zimeuzwa milioni 50.

Vanguard yangu ya 2008, injini 2AZ-FE, inakula oili. Kati ya sevisi na sevisi naongeza lita mbili. Fundi anasema kompresheni ni nzuri lakini ninunue injini ya mtumba. Si tunaambiwa Toyota haifi? (Msomaji, Mwanza)

Inakufa, na hiyo yako ina ugonjwa unaojulikana. Katika 2AZ-FE nyingi za miaka hiyo, ringi za oili, zile za chini kabisa kwenye pistoni, huganda kwa masizi, na vitundu vya pistoni vinavyorudisha oili kwenye sampo (karai la oili chini ya injini) huziba. Oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Ringi za kompresheni (zinazobana presha ya silinda) zilizo juu yake huwa bado nzima, ndiyo maana fundi akipima kompresheni anaona kila kitu sawa. Usisubiri moshi wa bluu pia, kwa kuwa mara nyingi hauonekani mpaka hali iwe mbaya sana. Nchini Marekani Toyota ilikubali kubadilisha pistoni na ringi bila malipo kwa magari yaliyothibitika kuwa na kasoro hii. Injini hiyo hiyo imo kwenye Harrier, Estima, RAV4 na Camry za lita 2.4, kwa hiyo wenye hizo nao wasome.

Kwanza pima, usikisie. Paki mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi, kisha jaza oili hadi alama ya juu ya stiki na uandike kilomita. Tembea kilomita 1,000, pima tena kwa namna ile ile. Kipimo kilichotumika Marekani kilikuwa karibu lita moja kwa kilomita 1,900. Injini iliyozidisha hapo ilihesabiwa mbovu.

Halafu ondoa visababishi rahisi. Chomoa vali ya PCV, ile inayotoa mvuke wa ndani ya injini, uitikise: isipolia imekwama, na bei yake ni ndogo. Angalia gasketi ya kava la vali na sili ya mbele ya krenki kama zinavuja. Vyote vikiwa sawa na plagi zina masizi meusi yenye unyevu wa oili, ni ringi.

Tiba ni pistoni za muundo uliorekebishwa pamoja na ringi zake. Ringi mpya kwenye pistoni za zamani huleta nafuu ya muda tu, maana vitundu vyembamba ni vile vile. Oili nzito ya 20W-50 ambayo mafundi wengi huipendekeza inapunguza ulaji kidogo, lakini mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa vali kufunguka, hupitisha oili kwenye njia nyembamba na unaanza kulalamika asubuhi. Injini ya mtumba tusingenunua. Itatoka kwenye gari la umri ule ule lenye pistoni zile zile, na hujui mwenye gari wa Japani alikuwa akimwaga oili kila baada ya kilomita ngapi.

Jambo la ziada kwa wenye 2AZ-FE za kabla ya 2006 au karibu na hapo: nyuzi za bolti za silinda hedi kwenye bloku ya alumini huweza kung'oka, hasa upande wa nyuma. Gari linapoteza maji, linachemsha, fundi anabadilisha gasketi, na baada ya muda mfupi linachemsha tena. Gasketi peke yake hapo ni kutupa pesa. Matundu lazima yachongwe na kuwekewa nyuzi za chuma kabla ya kufunga.

Kama fedha za pistoni hazipo kwa sasa, pima stiki kila unapojaza mafuta. Injini hii huuliwa na kukauka, wala si na ule ulaji wenyewe.

Nataka Prado ya dizeli lita 3.0. Watu wananitisha kuhusu nozeli. (Msomaji, Arusha)

Wanakutisha kwa haki, lakini nusu tu. Injini hiyo ni 1KD-FTV, ile ile ya Hilux na Fortuner za kipindi hicho. Nozeli zenyewe, zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, huchakaa kama za dizeli yoyote ya komon reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), hasa kwa mafuta machafu. Balaa kubwa zaidi ni washa za shaba, vile vipete vya kuzibia vinavyokaa chini ya nozeli. Zikivuja, moto wa silinda unapenya hadi kwenye oili na kuigeuza tope zito. Tope hilo linaziba chujio la mdomo wa pampu ya oili ndani ya sampo, presha inashuka, na wanaolipa ni turbo na beringi za krenki. Mwenye gari husema "injini imekufa ghafla" wakati ilikuwa ikiugua kwa maelfu ya kilomita.

Unapokagua gari la kununua, fika asubuhi na usisitize lisiwashwe kabla hujafika. Liwashe likiwa baridi: mlio mkali wa kugonga unaodumu, au moshi mweupe unaochoma macho, ni dalili ya nozeli. Fungua kifuniko cha kujazia oili utazame ndani kwa tochi. Weusi ni kawaida kwa dizeli, lakini magamba yaliyoganda kama lami si kawaida. Kisha fundi aunganishe kompyuta na kusoma marekebisho ya kila nozeli injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Nozeli moja ikiwa mbali sana na wenzake, hesabu gharama yake kwenye bei.

Ukishanunua, fungua sampo usafishe chujio hata kama muuzaji anaapa. Washa za shaba hazirudishwi: nozeli ikitoka, washa ni mpya. Kwa matoleo mengi, nozeli mpya ina namba iliyoandikwa kichwani ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi akiiruka hatua hiyo, gari litatetemeka na utaambiwa nozeli ni feki. Maji kwenye chujio la dizeli yamwagwe mara kwa mara.

Kama unataka dizeli isiyo na haya yote, ipo: 1HZ ya lita 4.2 kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile tunazoziita mkonga. Haina turbo wala komon reli. Ni nzito, polepole na inakunywa, lakini hata fundi asiye na kompyuta anaielewa. Mashirika ya misaada hayakuipenda kwa ajili ya urembo. Mkanda wake wa taimingi tu usiusahau.

Hilux ya Durban ni Toyota halisi? (Msomaji, Mbeya)

Halisi. Kiwanda cha Durban kinauza Hilux nchi nyingi za Afrika. Kinachowatesa watu ni spea: ya Durban na ya Thailand zinaweza kufanana machoni zisiingiliane. Agiza kwa namba ya chesisi, usiagize kwa kumwonyesha muuzaji picha.

Nina Passo. Niliposikia Daihatsu walidanganya vipimo vya usalama nilishangaa kuambiwa Passo ni Daihatsu. Bado tuiamini Toyota? (Msomaji, Mombasa)

Passo ni Daihatsu Boon iliyovaa nembo nyingine, na Rush nayo inatoka huko huko. Tangu 2016 Daihatsu yote inamilikiwa na Toyota. Desemba 2023 tume huru iliripoti visa 174 vya udanganyifu kwenye vipimo vya kuidhinisha magari, vikigusa modeli 64, zikiwemo zilizouzwa kwa jina la Toyota. Katika baadhi, eabegi (mifuko ya hewa ya kumkinga aliye ndani ya gari) zilifyatuliwa kwa taima badala ya kuachwa zijitambue zenyewe wakati wa kugonga. Hii haimaanishi gari lako lina hitilafu. Inamaanisha karatasi iliyosema limepimwa haikuwa na ukweli wote. Juni 2024 ikawa zamu ya Toyota yenyewe: iliacha kwa muda kusafirisha Corolla Fielder, Axio na Yaris Cross kwa sababu ya kasoro za vipimo. Kwa baadhi ya vipimo hivyo walitumia njia kali kuliko sheria inavyotaka, lakini mkato ni mkato.

Kabla ya hapo kulikuwa na 2009 na 2010, Marekani: mazulia ya sakafuni yaliyonasa pedali ya mafuta na pedali zilizochelewa kurudi, gari likaenda kasi bila dereva kutaka. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe kurekebishwa. Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro na kitukuu wa Sakichi, alikiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba huenda kampuni ilikua haraka kupita kiasi. Wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walipochunguza hawakupata kosa la kielektroniki, lakini mwaka 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu tatizo hilo. Kwa maoni yetu, uamini injini moja moja na modeli moja moja. Nembo iko kwenye zile nzuri na kwenye zile mbovu.

Gari langu ni Vitz ya mtumba. Eabegi za Takata ni hatari kweli au ni uvumi? (Msomaji, Tanga)

Si uvumi, na wewe wa pwani unahusika kuliko wengine. Eabegi hizo, zilizotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata, hufyatuliwa kwa nitrati ya amonia, ambayo huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu. Ikiharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, na chombo chake cha chuma kinapasuka vipande kumwelekea dereva. Takata ilifilisika Juni 2017. Magari ya kampuni nyingi yaliitwa, zikiwemo baadhi ya Corolla, Vitz na RAV4.

Chukua namba ya chesisi kama ilivyo kwenye kadi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu saba. Magari ya soko la Japani hayatumii ile namba ndefu ya tarakimu 17. Ingia tovuti ya Toyota ya Japani, sehemu ya magari yaliyoitwa, uiandike, simu itakutafsiria. Ikionekana kazi haijafanyika, peleka namba hiyo kwa wakala rasmi wa Toyota. Fundi wa mtaani asiufungue usukani, na usikubali eabegi iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, maana umri wake unaweza kuwa ule ule.

Kisha washa swichi bila kupiga stata uangalie taa ya SRS (ya mfumo wa eabegi) kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake kama sekunde sita halafu izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, yawezekana kuna mtu ameiziba au kuitoa ili gari liuzike, na huenda hata eabegi haimo.